Kampuni ni Mtu Mwingine

Kufungua kampuni nchini Rwanda si kazi ngumu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nyakabuye, wilayani Rusizi, hana haja ya kuvuka msitu wa Nyungwe kwenda Kigali. Maombi hupelekwa kwa intaneti kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, bila ada, na katiba ya mfano imekwisha kuandikwa. Cheti kikitoka, namba ya mlipakodi imo humo humo. Sheria ya kampuni ya 2021 haidai kima cha chini cha mtaji, na mtu mmoja anatosha kuwa mwanahisa. Kwa urahisi huo, ni rahisi pia kudhani kwamba cheti chenyewe ndicho kinga ya mali yako dhidi ya madeni ya biashara.

Kinga yatoka wapi? Kampuni, mbele ya sheria, ni mtu mwingine kabisa, mwenye mali yake na madeni yake. Watu wa Nyakabuye wana mfano karibu, hapo Muganza. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilikuwa mikononi mwa serikali. Mwaka 2013 PPC ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 51 ya hisa, na mwaka 2024 umiliki ukahamia kwa National Cement ya Kenya. Wenye hisa walibadilika, kampuni ikabaki ile ile, na waliokuwa wakiidai waliendelea kuidai yenyewe.

Msingi huo ulithibitishwa London mwishoni mwa 1896, katika kesi ya mtengeneza viatu Aron Salomon. Aligeuza biashara yake kuwa kampuni. Mkewe na watoto watano walipata hisa moja moja, na zilizobaki, zaidi ya 20,000, zikawa zake. Kampuni ilipofilisika, msimamizi wa ufilisi alitaka Salomon alipe madeni mfukoni mwake. Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, lilikataa: kampuni si Salomon, hata kama hisa karibu zote ni za Salomon.

Turudi dukani. Tuseme kampuni imechukua saruji na mabati kwa mkopo wa faranga milioni 5, kisha mauzo yakaanguka. Muuzaji atadai bidhaa zilizopo stoo, fedha iliyo benki na pikipiki ya kampuni. Shamba la mwenye duka haligusi. Lakini hapa pana mtego wa wapenda sifa: wengine huandika mtaji wa milioni 10 ili waonekane wakubwa, na huku wameweka milioni 1 tu. Hisa uliyoiandika bila kuilipa ni deni lako kwa kampuni. Ikifilisika, hizo milioni 9 utadaiwa. Andika ulichonacho, mtaji unaweza kuongezwa baadaye.

Mahali kinga inapovunjika zaidi ni penye mkopo. Uende benki au SACCO ya umurenge (kata), karani atakuomba dhamana, na mara nyingi atakuomba uweke saini kama mdhamini binafsi. Ukiisha kutia saini hiyo, kwa deni lile, ni kama hukufungua kampuni. Silaumu wakopeshaji: kampuni ya wiki mbili haina historia ya kutazama. Ila mkopaji ana haki ya kujadiliana. Udhamini uwekewe kiasi na mwisho wake, badala ya kufunika kila deni la sasa na la baadaye. Bora zaidi, mali ya kampuni yenyewe, kama mashine au shehena, iwekwe rehani. Dhamana za namna hiyo husajiliwa kwa Msajili Mkuu aliye RDB.

Kisha kuna simu. Mteja akilipa saruji kwa MoMo, pesa za simu, kwenye namba binafsi ya mwenye duka, na ada ya shule ya mtoto ikatoka humo humo, ni vigumu kumshawishi hakimu kwamba kampuni na mwenyewe ni watu wawili. Chukua namba ya malipo kwa jina la kampuni. Ukitaka kula faida, jilipe mshahara au tangaza gawio, na uandike.

Wanaofungua kampuni wakikimbia kodi watasikitika. Biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 12 na 20 kwa mwaka inaweza kulipa asilimia 3 ya mauzo. Juu ya hapo inahesabiwa faida, na kampuni hulipa asilimia 28, ilhali mtu binafsi hulipa kwa ngazi zinazoishia 30. Gawio nalo hukatwa asilimia 15. Katika faida ya faranga 100, kampuni hubaki na 72, na mwanahisa akizigawiwa zote hupata 61.2. Mwenye kibanda cha sukari na sabuni, asiyekopa na asiye na mshirika, sioni kampuni itamfaa nini kwa sasa.

Mwenye mshirika ni mwingine, hasa kama mshirika huyo anakaa ng'ambo ya mto, Bukavu. Huko Kongo kampuni hufuata sheria za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara Afrika, ambayo nchi hiyo ilijiunga nayo 2012; ya Nyakabuye itafuata sheria ya Rwanda, inayotaka angalau mkurugenzi mmoja awe mkazi wa Rwanda. Wakigawana hisa nusu kwa nusu, siku ya kutofautiana hakuna mwenye kura ya kuamua, na katiba ya mfano huenda isiwatoshe. Waongeze vifungu viwili kabla ya kununua mfuko wa kwanza: nani ataamua kura zikilingana, na hisa za marehemu zitathaminiwa vipi iwapo warithi wake watataka fedha badala ya duka.