Kulwa kulia, Doto kushoto, Mbappe wa nini Igunga?

Soma karatasi ya kikosi cha mchangani huku Igunga, utajua nusu ya habari za familia kabla filimbi haijapulizwa. Kulwa na Doto ni mapacha, Kulwa ndiye aliyetangulia. Shija kaja tumbo lililofuata baada ya mapacha. Mabula kazaliwa mvua zikinyesha, na Nzala, masikini, aliikuta njaa nyumbani. Majina ya Kisukuma na Kinyamwezi hayana longolongo.

Tatizo liko mgongoni. Dogo ni Mabula, jezi inasema Mbappe, na mbaya zaidi hata kwa mwamuzi kajiandikisha hivyohivyo. Siku msaka vipaji akija kumuulizia, bibi atajibu hapa hakuna mtu huyo. Nafasi imekwenda hiyo.

Sikatai majina ya utani, jamani. Mohamed Hussein alikuwa 'Mmachinga', Sunday Manara 'Computer'. Lakini hao kazi yao ilionekana uwanjani. Hawakuyanunua dukani pamoja na jezi.

Halafu kuna Ngassa, jina la Usukumani kabisa. Khalfan aling'ara nalo Pamba ya Mwanza. Mwanawe Mrisho akalipeleka Yanga, Azam na Taifa Stars, ambako alifunga mabao 25. Mwaka 2009 akabeba jina hilohilo hadi London, kwenye majaribio West Ham.

Sasa Shija wa Igunga anaona haya ya nini?