Soma Jina Kwanza: Mlo Mmoja Balambala

Ufaransa, hata mkahawa mdogo wa mtaani wenye bei ya kadiri lazima ubandike bei zake nje, na malipo ya huduma yako ndani ya bei hiyo. Unajua utalipa ngapi kabla hujaketi.

Balambala hakukuwa na ubao. Tulifika saa saba mchana kutoka Garissa mjini, vumbi hadi kwenye nyusi, tukaingia hoteli ya mabati karibu na soko. Tuliuliza kwa mdomo: kuna nini, na ni ngapi?

Kulikuwa na wali kwa nyama ya ngamia, wali kwa mbuzi, na pasta. Ndiyo, pasta! Wasomali huiita baasto, na ilizoeleka tangu Waitaliano walipotawala kusini mwa Somalia. Kwa hivyo chakula cha Ulaya kilifika huku zamani, kikapewa bizari na nyama ya mbuzi. Wali ulikuja na ndizi mbivu, ya kuliwa pamoja na wali, si baadaye. Tukamalizia na chai ya maziwa ya ngamia. Tulikuwa wanne, bili ikawa shilingi 1,600.

Namba ya till ilikuwa kwenye stika ukutani, imepauka kwa moshi na jua. Mmoja wetu akaandika namba, akaweka kiasi, kidole tayari. Jina likatokea: duka la vifaa vya ujenzi.

"Abaayo, hii ni till yenu?" tukamuuliza dada wa kaunta.

Akasoma, akatikisa kichwa. "Hapana, walaal. Hiyo ni 7, si 1. Mwezi uliopita mteja alikosea hivyohivyo, akanionyesha simu haraka, akaenda. Pesa haikuingia. Ilikatwa kwenye mshahara wangu."

Tulinyamaza kidogo. Sisi huwa tunasema makosa ya malipo ni hasara ya mteja. Kumbe mara nyingine hasara inabaki kwa mtu aliyekuletea chai.

Kwa hivyo, ukila popote, fanya haya:

Uliza bei kabla ya kuagiza. Si aibu. Inazuia ubishi wakati wa bili.

Soma jina kabla ya kuthibitisha. Kama jina halifanani na la hoteli, uliza. Huenda till imesajiliwa kwa jina la mwenyewe, lakini acha wao wakwambie.

Subiri upande wao upate ujumbe. Kukuona ukibonyeza simu hakutoshi. Na wewe wa kaunta, usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Angalia simu yako.

Mtandao ukikwama, usilipe mara ya pili. Angalia salio lako kwanza. Pesa inaweza kuwa imeshatoka.

Ukikosea, chukua hatua papo hapo. Kwa M-PESA, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba pesa irejeshwe. Ukichelewa, aliyepokea anaweza kuwa ameshaitumia.

Tulirekebisha namba, jina la hoteli likatokea, tukalipa. Simu ya kaunta ikalia. Dada akacheka, akachukua kalamu nyeusi na kuandika namba upya ukutani, kubwa, mpaka mtu wa mlangoni aione.

Je, stika ya kwako bado inasomeka? Iangalie leo.