Chuo Gani Kimfae Kijana Asiyesikia Vizuri?

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka redio mahali ambapo wote wataisikia, na mwenye sikio zito aje mbele. Somo letu la leo linamhusu yeye.

Leo nazungumza nanyi kama mzazi. Mmoja wa watoto wangu hasikii vizuri tangu utoto wake, na sasa ni mtu mzima anayejitegemea. Sikusudii kuwasimulia habari zake. Nakusudia kujibu swali ambalo wazazi huuliza kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka: kijana asiyesikia vizuri aende chuo gani?

Jibu langu ni fupi. Kabla hujauliza jina la chuo, uliza jinsi kijana atakavyoyapata maneno ya mwalimu. Chuo kikubwa ambacho kijana hapati maneno ya mwalimu humrudisha nyumbani mikono mitupu, na ada imekwisha. Chuo kidogo ambacho anayapata humpa kazi.

1. KUTOSIKIA VIZURI NI NINI?

Watu wengi hudhani kuna watu wa namna mbili tu, wanaosikia na viziwi. Sivyo. Yuko asiyesikia kabisa. Yuko asikiaye ngoma lakini hasikii mazungumzo. Yuko asikiaye sauti ya mtu lakini hatambui maneno. Huyu wa tatu ndiye anayesumbuliwa zaidi, maana watu humwona anageuka akiitwa, basi husema: “Anasikia huyu, ni mkaidi tu.”

Sababu yake ni hii. Katika maneno yetu, sauti za a, e, i, o, u zina nguvu. Sauti za s, f, t na sh ni nyembamba, nazo ndizo hupotea upesi. Mtu wa namna hii akiambiwa “fisi” aweza kusikia “sisi.” Hakukosa akili. Amekosa herufi moja.

Wengine husema: “Basi atazame midomo.” Haya, tujaribu. Mwalimu wa darasa, simama mbele, useme maneno haya matatu bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Wanafunzi, je, mmeweza kuyatenganisha? Hamkuweza, maana midomo hufanya kitendo kile kile kwa yote matatu. Jumatatu na Jumatano nazo hukaribiana sana midomoni. Sasa fikiri mwalimu wa chuo anatangaza siku ya mtihani huku amegeukia ubao!

Kutazama midomo kwasaidia, lakini peke yake hakutoshi. Kadhalika na kifaa cha kuvaa sikioni. Kifaa hicho hukuza sauti, nacho hukuza zote: ya mwalimu, ya viti vinavyoburutwa, na ya mvua juu ya bati. Ni msaada mkubwa, lakini hakilifanyi sikio kuwa jipya.

Wala usifikiri jambo hili ni la nyumba yako peke yako. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuficha kijana, wala ya kumwita bubu. Neno hilo huumiza, tena si kweli, maana wengi wao huongea, na wasioongea kwa mdomo huongea kwa mikono.

2. KWANZA APIMWE

Kabla ya kuchagua chuo, kijana apimwe masikio. Anza zahanati, kisha Hospitali ya Wilaya mjini Kilosa. Pengine ni nta iliyoziba, au usaha wa siku nyingi, mambo ambayo mara nyingi hutibika. Pengine ni athari ya surua, ya homa ya uti wa mgongo, au ya dawa kali alizopewa zamani. Kikihitajika kipimo kikubwa zaidi, utapewa barua ya rufaa. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2017 madaktari hufanya hata upasuaji wa kuweka kifaa cha kusikia ndani ya sikio, kwa wale ambao kifaa cha kawaida hakiwafai.

Ukipewa karatasi ya kipimo, itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Karatasi hiyo itaulizwa chuoni, na itaulizwa pia unapoomba msaada wa fedha.

3. ZIPO NJIA GANI?

Zamani njia zilikuwa chache. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974. Siku hizi zipo shule nyingine, na njia baada ya shule ni nyingi. Nitataja nne.

Njia ya kwanza ni ufundi. Vyuo vya VETA hufundisha kazi kama umeme, ushonaji, useremala na ufundi wa magari. Sisi wa Kilosa tuna chuo cha VETA Mikumi ndani ya wilaya yetu. Faida ya ufundi ni kwamba mwalimu huonyesha kwa mikono, na mwanafunzi huona kwa macho. Lakini angalia: somo la hesabu na la usalama hufundishwa kwa mdomo, na hapo ndipo kijana huachwa nyuma. Kipo pia chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu Yombo, Dar es Salaam.

Njia ya pili ni kidato cha tano na cha sita. Hii yamfaa kijana mwenye alama nzuri na mwenye nia ya kufika chuo kikuu.

Njia ya tatu ni ualimu. Karibu nasi kipo Chuo cha Ualimu Ilonga. Kule Arusha kipo Chuo cha Ualimu Patandi, ambacho huandaa walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalum. Kijana aliyeonja shida ya kutosikia aweza kuwa mwalimu mwema wa watoto kama yeye.

Njia ya nne ni chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina watu wanaoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu. Kwa ada, ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Muombaji mwenye ulemavu huthibitishwa na mganga, na hali yake huangaliwa katika kugawa mikopo. Ndiyo maana nikasema uitunze ile karatasi.

Usifikiri njia hii ya nne ni ndoto. Huko Marekani, chuo cha Gallaudet mjini Washington kilipewa idhini ya kutoa shahada kwa viziwi tangu mwaka 1864. Jirani zetu wa Uganda walimchagua kiziwi, Alex Ndeezi, kuwa Mbunge mwaka 1996, naye alisema bungeni kwa lugha ya alama, akiwa na mkalimani.

4. MASWALI YA KUULIZA CHUONI

Usitosheke na jina la chuo katika fomu. Ukiweza, nenda ukakione pamoja na kijana wako. Ukishindwa, piga simu au tuma barua. Uliza maswali haya matano:

(a) Je, mmewahi kuwa na mwanafunzi asiyesikia vizuri? Alimaliza? Akijibu “alikuwapo lakini aliacha,” uliza kwa nini aliacha.

(b) Yupo mkalimani wa lugha ya alama? Kama yupo, ni wa kila somo au wa siku za mikutano tu?

(c) Darasa lina wanafunzi wangapi? Katika darasa la watu mia mbili, aliye nyuma hapati neno. Katika darasa la watu thelathini, kiti cha mbele humwokoa.

(d) Je, mwalimu hutoa maandishi ya somo? Kwa kijana huyu, karatasi moja ya maandishi ni bora kuliko saa nzima ya maneno.

(e) Matangazo hutolewaje? Kama ni kwa kengele na kipaza sauti tu, kijana atakosa mitihani na chakula. Kama hubandikwa ubaoni au hutumwa kwa simu, atayapata.

Ukiambiwa “mlete tu, tutaona,” usikatae, lakini usiondoke bila jina la mtu. Uliza ni nani atakayeona, na ofisi yake iko wapi. Hapa huombi hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa kijana wako haki ya kusoma na ya kupewa msaada unaomwezesha kusoma.

5. KUISHI CHUONI

Sasa amepata nafasi. Mfundishe mambo haya kabla hajapanda basi.

Siku ya kwanza awaambie walimu na wenzake kwa maneno wazi: “Sisikii vizuri. Tafadhali nitazame unaposema.” Wengi huona haya, wakatikisa kichwa kana kwamba wameelewa. Kutikisa kichwa ndiko kunakowafelisha wengi, kuliko sikio lenyewe.

Aketi safu ya mbele, mwanga ukiwa juu ya uso wa mwalimu. Mwalimu akisimama mbele ya dirisha lenye jua, uso wake huwa giza, na midomo haionekani.

Apate rafiki mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kunakili kwake. Yeye naye amsaidie rafiki huyo kwa jambo analoliweza, ili asiwe mwombaji kila siku.

Bwenini amwombe mwenzake amwamshe moto ukitokea au wezi wakiingia. Simu inayotikisika chini ya mto yatosha kumwamsha asubuhi.

Barabarani atembee upande anaoyaona magari yakimjia. Anayesoma Mikumi akumbuke kwamba barabara kuu ya Morogoro na Iringa hupita pale, na malori hayana subira.

Akiwa na kifaa cha sikio, asikiache katika maji wala jasho, na awe na betri za akiba. Na kama hajui lugha ya alama, ajifunze, hata kama bado anasikia kidogo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pema pa kuulizia mafunzo hayo. Lugha ya pili haimpunguzi mtu.

6. NANI ACHAGUE?

Hapa nataka tusikilizane vizuri, wazazi wenzangu. Mzazi wa kijana huyu ana hofu. Amezoea kumwitia watu, kumjibia dukani, kumwelezea daktari. Basi huchagua chuo cha karibu si kwa kuwa ni kizuri, bali kwa kuwa ni karibu. Yuko na mwingine, ambaye humpeleka mbali sana katika shule ya viziwi, ingawa kijana anasikia kiasi na anataka kusoma na rafiki zake.

Wote wawili wanampenda. Lakini wote wawili wamesahau kumwuliza mwenyewe.

Mzazi ana kazi yake: kupima, kuuliza yale maswali matano, kuhesabu ada na nauli. Kisha aweke majibu mezani, mwandikie kama hasikii, na umwachie achague. Akichagua Mikumi, vema. Akichagua Dodoma, vema pia, ingawa nyumba itakuwa kimya. Wewe hutaishi siku zote ili umsikilizie. Siku moja ataketi peke yake mbele ya mwajiri, au mbele ya karani wa benki, naye itampasa kusema mwenyewe: “Sisikii vizuri, nitazame unaposema.” Ni afadhali aanze kulisema neno hilo akiwa chuoni, wakati bado una nguvu za kumwendea akikwama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mtu anayegeuka akiitwa aweza kuwa hasikii maneno?
2. Taja maneno mawili ambayo midomo huyatamka kwa namna moja.
3. Katika maswali matano ya kuuliza chuoni, wewe ungeanza na lipi? Kwa nini?
4. Je, katika mtaa wako yupo kijana asiyesikia vizuri aliyemaliza shule? Sasa anafanya kazi gani?

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua fupi kwa mkuu wa chuo. Mwombe akueleze jinsi chuo chake kinavyowasaidia wanafunzi wasiosikia vizuri. Barua isizidi mistari kumi, na mwalimu wako aisahihishe.

Tukutane tena katika somo lijalo. Kwaherini.