Nyumba Isiyoshindana na Jua

Huko Hackbridge, kusini mwa jiji la London, uko mtaa wa nyumba zipatazo 100 uitwao BedZED. Ulikamilika mwaka 2002 kwa mchoro wa msanifu Bill Dunster, kwa nia ya kuwa familia nyingi ziishi pamoja huku zikitumia nishati kidogo mno.

Nyumba zake zaelekea kusini, lipitako jua la majira ya baridi, na mbele yake vimo vibaraza vya vioo vya kunasa joto. Kuta zimefungiwa tabaka la sentimita 30 la kuzuia joto lisitoroke. Juu ya mapaa vipo vichwa vya rangi vinavyogeuka kufuata upepo. Huingiza hewa safi na kutoa iliyochakaa, na ile itokayo huipasha moto iingiayo, pasipo umeme. Mita nazo ziliwekwa jikoni, mahali pa wazi, ili watu wa nyumba waone wanachotumia.

Je, ni lipi lililodumu? Mtambo wa kuchoma vipande vya mbao, uliokusudiwa kuupa mtaa mzima umeme na joto, ulisumbua hata ukaachwa, ikatumika gesi. Mtambo wa kusafisha majitaka nao ukafungwa. Kuta na vichwa vya upepo vyaendelea na kazi yake. Kilichotiwa katika umbo la nyumba hudumu kuliko kilichotegemezwa mashine.

Lakini tusiliige umbo lenyewe. Hata huko, wakati wa kiangazi, baadhi ya wakazi wamelalamikia joto la vile vibaraza vya vioo. Sisi watu wa mwambao shida yetu si baridi, na wazee wetu walilijua hilo. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, kiwanda cha ndani cha kupitishia hewa, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Huo nao ni ujirani.

Leo twajenga fleti za kuta nyembamba, madirisha yakitazama magharibi. Mama hupika kama aliye ndani ya tanuri, mtoto hapati usingizi, na tokeni za umeme huishia kwenye feni. Hiyo ni israfu iliyoanzia kwenye ramani.

Basi familia inayojenga, au ndugu wanaochanga kujenga pamoja, wamwulize fundi kabla ya jiwe la kwanza: Je, kuta ndefu zatazama kaskazini na kusini? Upepo wa kusi na wa kaskazi una pa kuingilia na pa kutokea katika kila chumba? Ukuta wa magharibi utapata kivuli cha mti au cha upenu? Jiko lina tundu la juu la kutolea joto?

Na akina mama wawepo ramani inapochorwa, kwani wengi wao ndio washindao humo mchana kutwa. Feni yaweza kununuliwa baadaye. Nyumba ikishasimama, haigeuzwi uso.