Sumu ya Mto Jinzu Ilivyofika Mifupani

Katika bonde la Mto Jinzu, mkoani Toyama, Japani, wanawake wa makamo waliozaa mara kadhaa walikuwa wakishikwa na maumivu makali ya kiuno na miguu. Baadhi yao walivunjika mbavu kwa kukohoa tu. Ugonjwa huo, uliokuja kuitwa itai-itai, uliwatesa watu kwa miongo mingi bila chanzo chake kujulikana.

Mwaka 1961, daktari wa bondeni humo, Noboru Hagino, na mtaalamu wa kilimo, Kinichi Yoshioka, walitangaza kuwa chanzo ni kadmiamu. Metali hii hupatikana ndani ya mawe yenye zinki. Mgodi wa Kamioka, ulioko juu ya mto, ulichimba zinki na kuacha mabaki yaingie majini. Wakulima waliyaelekeza maji hayohayo kwenye majaruba ya mpunga. Tope likatuama, mizizi ikafyonza kadmiamu, nayo ikaingia kwenye punje.

Mtu anapokula wali huo kila siku, kadmiamu hujikusanya kwenye figo, na hukaa humo kwa miaka mingi. Ikizidi, huharibu mirija midogo ya figo inayorudisha virutubisho kwenye damu. Fosfati na kalsiamu hupotelea kwenye mkojo, vitamini D haikamiliki kutengenezwa, na mifupa hulainika. Wanawake waliumia zaidi kwa sababu upungufu wa madini ya chuma, unaowapata wengi wakati wa ujauzito, huufanya utumbo ufyonze kadmiamu kwa wingi.

Serikali iliukubali ugonjwa huo kuwa wa uchafuzi mwaka 1968. Wagonjwa waliishtaki kampuni ya Mitsui, iliyomiliki mgodi huo, wakashinda mwaka 1971, na rufaa ikatupwa mwaka uliofuata. Kusafisha udongo wa mashamba kulikamilika mwaka 2012 tu.

Ndiyo maana kupima maji peke yake hakutoshi: udongo na chakula lazima vipimwe pia, kwani huko ndiko sumu hubaki. Lakini ushindi mkubwa wa wanabonde hao ulikuwa mkataba wa 1972, uliowapa wao na wataalamu wao haki ya kuingia mgodini kukagua, kwa gharama ya kampuni. Kila jamii inayoishi chini ya kiwanda inastahili haki hiyo kabla mtu wa kwanza hajaugua.