Vita vya Panzi, Tiketi za Kunguru

Februari 2023 Netflix ilitoa sehemu ya kwanza ya mfululizo wa African Queens. Ilimhusu Njinga, malkia wa Ndongo na Matamba katika Angola ya karne ya 17, mwanamke aliyewahangaisha Wareno kwa miongo kadhaa, vitani na kwenye meza ya mazungumzo. Ikapita kimyakimya. Miezi miwili baadaye ikaja trela ya sehemu ya pili, Queen Cleopatra, na mwigizaji Mwingereza mweusi, Adele James, ndiye aliyevaa taji.

Moto ukawaka. Mwanasheria mmoja wa Misri alipeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka mkuu akitaka Netflix ifungiwe nchini humo. Zahi Hawass, waziri wa zamani wa mambo ya kale, alipinga hadharani. Wizara yenyewe ikatoa tamko kwamba Kleopatra alikuwa mweupe mwenye sura ya Kigiriki. Sehemu ya maoni chini ya trela kule YouTube ikafungwa. Kufikia tarehe 10 Mei, siku kipindi kilipotoka, watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Njinga walikuwa wakibishana juu ya nasaba ya akina Ptolemy, ukoo wa Kleopatra uliotawala Misri.

Kleopatra ni maarufu kuliko Njinga, hilo sibishi. Lakini kampuni ilikuwa ileile, mtayarishaji mkuu yuleyule, Jada Pinkett Smith, na mtindo uleule wa kuchanganya maigizo na maelezo ya wanahistoria. Malkia mmoja hakumkera mtu. Wa pili alitangazwa na watu waliomchukia.

Kuitangaza filamu kubwa ya Hollywood hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na mara nyingine hupita milioni 100. Fedha hizo hununua kitu kimoja tu: wewe ujue kwamba filamu ipo na inatoka lini. Sasa mtazame mtu aliyekasirika. Anarekodi video ya dakika 20, anaonyesha vipande vya trela, analitaja jina la filamu mara kumi, na haombi malipo. Mitandao nayo haijali sana kama umependa au umechukia. Inapima zaidi umekaa muda gani, umejibu, umemtumia nani. Tusi na pongezi mara nyingi huhesabika karibu sawa.

Kisha huja wimbi la pili, la watetezi. Septemba 2022 Disney ilipoonyesha trela ya kwanza ya The Little Mermaid, yenye Halle Bailey kama nguva Ariel, alama za kutopenda zilimiminika. Ndani ya siku chache zikaenea video za wasichana weusi wakimwona Ariel anayefanana nao, wengine wakipiga kelele za furaha, wengine machozi yakiwalengalenga. Furaha ile ilikuwa ya kweli kabisa. Disney nayo ikatangaza kwamba trela imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Hasira iliifanya furaha kuwa habari, na furaha ikawachochea waliokasirika wazidi kukasirika.

Katikati yao yupo mchuuzi ambaye hatajwi sana, yaani mwenye chaneli. YouTube humpa mtengenezaji wa video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video zake. Kwa hiyo yule anayefoka kwamba Hollywood imeharibika anahitaji Hollywood iendelee kuharibika, la sivyo Jumatatu hana cha kuuza.

Faida ninayoiona kubwa kuliko hizo zote haionekani kwenye hesabu za tiketi, nayo ni ngao. Zogo la ubaguzi likishaanza, kila mkosoaji hutupwa kapu moja na wabaguzi. Miongoni mwa Wamisri waliolalamika walikuwemo wenye hoja nzito: ukoo wa Ptolemy ulitoka Makedonia, na kampuni ya Marekani inapoitengeneza historia ya Misri kwa ajili ya ugomvi wa rangi wa Kimarekani, wenye nchi wana haki ya kuuliza. Walikuwemo pia waliouchukia weusi, wala hawakujificha. Kwa kampuni, makundi haya mawili yakichanganyika ni nafuu tupu. Nani tena alikumbuka kuuliza kama kipindi kilikuwa kizuri? Nilikitazama, na kwa maoni yangu hakikuwa kizuri.

Sisemi kwamba kuna kikao cha siri ambapo mabosi hupanga nani akasirishwe mwezi ujao. Hakihitajiki. Inatosha kampuni ijue kelele zinakuja na isiziogope.

Wala kelele haziuzi tiketi siku zote. Trela ya Ghostbusters ya wanawake wanne, mwaka 2016, iliingia katika orodha ya trela zilizochukiwa zaidi YouTube. Filamu ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 144 na kuingiza kama milioni 229 duniani. Ukikumbuka kwamba majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya kiingilio, na gharama za matangazo bado, hiyo ni hasara. Snow White ya 2025, iliyoandamwa na ugomvi kwa miaka kadhaa, iliingiza kama milioni 205 ilhali bajeti yake ilipita milioni 250. Sinema inakutaka utoke nyumbani, upande gari, ulipe. Hasira hukujulisha kwamba filamu ipo, lakini haikuvalishi viatu. Huduma ya kulipia kwa mwezi ni biashara nyingine: ada umeshalipa, kitufe kiko mkononi, na mtu hubonyeza hata kwa ajili ya kuhakikisha kwamba ubaya aliousikia ni kweli. Ndiyo maana namwona Kleopatra wa Netflix kama mfano safi zaidi wa biashara hii kuliko nguva wa Disney.

Bili ya zogo hulipwa na mwigizaji. Mwaka 2022, kabla ya mfululizo wa Obi-Wan Kenobi kutoka, Lucasfilm, kampuni ya Star Wars iliyo chini ya Disney, ilimtahadharisha mwigizaji wake mweusi Moses Ingram kwamba huenda akashambuliwa kwa rangi yake. Mashambulizi yakaja kweli. Kampuni ikamtetea mitandaoni kwa maneno makali, na utetezi huo nao ukawa habari.

Mwigizaji John Boyega aliyapitia hayo mapema zaidi. Alipotokea kwenye trela ya kwanza ya The Force Awakens, wapo waliokasirika kuona askari mweusi ndani ya sare nyeupe za Star Wars. Filamu ilipofika China, bango lake la huko lilikuwa na Boyega aliyepunguzwa ukubwa. Mwaka 2020 aliliambia jarida la GQ la Uingereza kwamba Disney wasimtangaze mhusika mweusi kana kwamba ni muhimu sana kisha wamsukume pembeni. The Force Awakens yenyewe ilikuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 2.