Gome la muiri si tiba ya kansa

Mwanamume wa makamo akianza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, huenda wazee wa Gakindu, Nyeri, wakamtajia muiri, mti wa misitu ya Mlima Kenya. Hawakukosea. Mnamo 1966 Jacques Debat wa Ufaransa alisajili dawa itokanayo na gome lake, na uchunguzi umeonyesha kwamba hupunguza dalili za kufura kwa tezi dume.

Hata hivyo, gome haliponyi kansa ya tezi hiyo, ambayo huweza kuleta dalili zizo hizo. Mti wenyewe hufa ukibambuliwa pande zote. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES.

Kabla ya kuchemsha gome, nenda hospitalini upimwe, hasa ukikojoa damu au mkojo ukikataa kutoka.